Mbwa wa Nani, Sungura wa Nani?

Desemba ilikuwa mwezi wa sungura. Ngano imeshavunwa, kombaini zimeondoka, na uwanda wa Uasin Gishu kuanzia nyuma ya boma letu hadi kwenye ile mikaratusi ya mbali umebaki mabua makavu yanayochoma nyayo. Shule zimefungwa. Mjomba wangu alikuwa na mbwa wawili: Bobi, mzee wa kubweka, na Radi, mwembamba kama fimbo, mbavu za kuhesabika, ambaye hakuna aliyejua damu yake ilitoka wapi. Wengine walisema bibi yake alizalishwa na mbwa wa kaburu mmoja siku za nyuma. Labda ni kweli, labda ni maneno tu ya kumpa mbwa ukoo. Tulichojua sisi watoto ni kwamba Radi akikimbia, miguu haionekani.

Tulijipanga mstari, watoto watano na mjomba katikati, hatua kumi kumi kati yetu, tukatembea polepole tukipiga mabua kwa vijiti. Sungura mwitu halali shimoni. Hujibanza kwenye kijishimo cha nyasi, masikio yamelazwa mgongoni, na hatatoka mpaka karibu umkanyage. Huyu wa siku ile alifyatuka miguuni pa mtoto wa jirani, ambaye alipiga kelele kama aliyeona nyoka. Mjomba akapiga mluzi mmoja. Radi alikuwa ameshaondoka kabla mluzi haujaisha.

Ile mbio haikufika hata dakika mbili. Bobi aliachwa mapema akasimama, ulimi nje, kama mzee aliyekumbuka kwamba ana shughuli nyingine. Radi alimkaribia sungura mara mbili, na mara zote mbili sungura alikata kona, Radi akapitiliza na kujizoazoa kwenye vumbi. Mara ya tatu sungura hakukata kona. Alinyoosha moja kwa moja kuelekea ua wa lile shamba kubwa, akapita chini ya waya wa mwisho kama maji. Radi alikuwa anamtazama sungura, si waya. Niliusikia ule waya ukilia, kama uzi wa gitaa uliokatika.

Mjomba aliruka seng'enge kumfuata mbwa wake. Upande wa pili kulikuwa na walinzi wawili.

Sungura alienda zake. Radi alikufa jioni ile, kifua kimepasuka. Mjomba alilala ndani siku tatu, kisha akatozwa faini ya kuingia shamba la mtu bila ruhusa, na nyanya akauza ndama. Hakimu hakuuliza habari za sungura. Angeulizaje, na sungura mwenyewe hakuwepo?

Waswahili husema msasi haogopi mwiba. Lakini mwiba wa porini na mwiba wa kiwandani ni vitu viwili. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kusoma historia ya uwindaji huu, wa kufukuza sungura kwa mbwa wa mbio, nikidhani nitakutana na habari za mbwa na sungura. Nilikutana zaidi na habari za ua.

Tuanze na mbio zenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani ni jambo jepesi: mbwa mkubwa, mnyama mdogo, kwisha. Si hivyo. Mbwa wa kazi hii huwinda kwa macho, si kwa pua. Aliye maarufu kuliko wote ni grehaundi, yule wa kifua kirefu na tumbo lililobonyea, anayeweza kukaribia kilomita 70 kwa saa. Sungura mwitu wa Ulaya hufika karibu hapo hapo. Kwa hiyo kwenye mstari ulionyooka wawili hawa hawaachani sana. Kinachomwokoa sungura ni kona. Yeye ana kilo tatu au nne, mbwa ana kilo thelathini. Sungura akigeuka ghafla, uzito wa mbwa unamsukuma mbele, anapitiliza, na kabla hajajigeuza mwenzake amepata tena nafasi ya mita kadhaa. Mbwa anashinda kwa kasi, sungura anashinda kwa kumfanya mbwa alipie ile kasi.

Na mbwa hulipa kweli. Vidole huteguka au kuvunjika kwenye zile kona, hasa juu ya udongo uliokauka. Misuli ya paja huchanika. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema, na jasho kidogo la nyayoni halimfikishi popote. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 au 39. Baada ya mbio kali laweza kupita 41, na likikaa huko, viungo vya ndani huanza kuharibika. Wafugaji wa grehaundi wanajua dalili moja wanayoiogopa: mbwa aliyekimbizwa kupita kiasi anakojoa mkojo wa rangi ya chai nzito, kwa sababu misuli yake imevunjika na uchafu wake umeingia kwenye damu na figo. Sisi pale kijijini tuliwahi kuona mbwa wa namna hiyo. Tulisema amelogwa.

Kuna hatari nyingine ambayo haina mbio wala kishindo. Mbwa anayezurura porini hukutana na mbweha, na mbweha anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo umejulikana nchini Kenya kwa zaidi ya miaka mia moja, na serikali imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyoletwa na mbwa wenye kichaa ifikapo 2030. Chanjo ipo. Lakini mbwa wa msako, ambaye mwenyewe anamlisha mabaki ya ugali, mara nyingi ndiye wa mwisho kupelekwa kuchanjwa, na watoto wanaomkumbatia baada ya msako ndio wa kwanza kulambwa.

Haya yote ni hatari za kweli, na mwindaji yeyote angekutajia. Ila kuna moja ambayo hukaa nje ya orodha, nayo ndiyo iliyomkamata mjomba.

Mmoja wa watu wa kale walioandika kwa makini kuhusu kuwinda sungura kwa mbwa wa mbio ni Arrian, mtu wa Nikomedia aliyeandika kwa Kigiriki na kuwa gavana wa Kirumi wa Kapadokia katika karne ya 2. Kabla yake Xenophon alikuwa ameandika kitabu cha uwindaji, lakini hakuwajua mbwa wenye kasi wa Wakelti. Sungura wake walifukuzwa kuingia kwenye nyavu. Arrian aliwajua mbwa hao na akawapenda. Alikuwa na mmoja aitwaye Horme, na maelezo yake juu ya huyo mbwa, jinsi alivyomlaki akirudi nyumbani na jinsi alivyokaa naye akiwa mgonjwa, ni ya mtu anayemzungumzia rafiki.

Mambo mawili katika kitabu chake yalinishangaza. La kwanza, anasema mwindaji wa kweli haendi kuua sungura, anaenda kuona mbio, na sungura akiponyoka mwindaji afurahi. Anakataza kuachilia mbwa zaidi ya wawili kwa sungura mmoja, na anataka mnyama apewe nafasi kwanza. La pili, anaeleza namna Wakelti walivyowinda. Matajiri walituma watu asubuhi na mapema kutafuta sungura alipolala, kisha wakaletewa habari wangali nyumbani. Wengine walijipanga mstari, wakaachiana nafasi sawa, wakatembea wakisaka. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Ulikuwa mstari wetu wa Desemba, miaka elfu moja na mia nane kabla yetu.

Lakini ona tayari kuna aina mbili za wawindaji. Kuna anayeamka akaambiwa sungura yuko wapi, na kuna anayemtafuta kwa miguu yake. Wa kwanza anaweza kumudu kufurahi sungura akiponyoka. Wa pili ana sufuria nyumbani.

Uingereza ndiko tofauti hiyo ilikogeuzwa sheria. Wafalme wa Kinormani walipoiteka nchi mwaka 1066, walitenga maeneo makubwa kuwa misitu ya mfalme. Msitu hapa haukuwa lazima uwe na miti. Ulikuwa eneo ambamo wanyama ni wa mfalme, hata kama vijiji na mashamba yamo ndani. Mbwa wa mwanakijiji aliyeishi humo alionekana kama silaha. Dawa yao ilikuwa kumkata kucha tatu za mguu wa mbele ili asiweze kukimbia. Mkataba wa Misitu wa mwaka 1217, ambao kwa mengine ulipunguza ukali wa wafalme, haukufuta desturi hiyo. Uliiwekea utaratibu tu: ikatwe namna gani, ikaguliwe baada ya miaka mingapi, na ambaye mbwa wake hajakatwa alipe shilingi 3.

Kisha likaja jambo la wazi zaidi. Mwaka 1381 wakulima wa Uingereza waliasi, wakaingia London, wakaua wakubwa. Miaka 9 baadaye, mwaka 1390, bunge likapitisha sheria kwamba mlei asiye na ardhi ya kumwingizia shilingi 40 kwa mwaka asifuge grehaundi wala mbwa mwingine wa kuwinda, na kasisi asiye na mapato ya pauni 10 vivyo hivyo. Sababu iliyotolewa haikuwa kwamba sungura wanaisha. Iliandikwa kwamba vibarua na mafundi hutoka kuwinda siku za sikukuu, wakati Wakristo wema wako kanisani, na huko mashambani hupata nafasi ya kukutana na kupanga njama dhidi ya mabwana zao. Kwa ufupi, waliogopa ule mstari. Watu kumi wanaotembea pamoja porini na mbwa wao, wakiongea, bila msimamizi.

Sheria ya mwaka 1671 ilipandisha kiwango hadi ardhi ya kuingiza pauni 100 kwa mwaka, pesa ambayo mkulima wa kawaida hakuiota. Tena ikawapa walinzi wa wanyama wa mabwana ruhusa ya kuingia nyumba za watu, kupekua, na kuchukua mbwa na nyavu. Mpangaji aliyelima shamba la bwana alikaa akitazama sungura wakila kabichi zake na hakuruhusiwa kumgusa hata mmoja. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1831 kwa wenye vibali, lakini haki ya kila mpangaji kuua sungura kwenye ardhi anayoilima ilikuja mwaka 1880 tu.

Wakati huo huo mabwana walikuwa wameufanya uwindaji huo kuwa michezo rasmi. Mwaka 1836, karibu na Liverpool, yalianza mashindano ya Kombe la Waterloo, yaliyopewa jina la hoteli ya mtu aliyeyaanzisha. Baadaye yakawa ya mbwa 64. Kanuni zake zingempendeza Arrian: mbwa wawili tu kwa wakati mmoja, sungura apewe nafasi ya yadi 80 au zaidi, na mwamuzi aliyepanda farasi ahesabu pointi kwa mbwa aliyetangulia na aliyemgeuza sungura. Kuua kulihesabiwa kidogo. Makumi ya maelfu ya watu walijaa kutazama na kuweka dau.

Mbwa aliyetikisa nchi aliitwa Master M'Grath, mdogo wa umbo, kutoka Ireland. Alishinda kombe mwaka 1868, akashinda tena 1869. Mwaka 1870 walikimbia wakati wa baridi kali, barafu ya mto Alt ikapasuka chini yake, na bingwa akaopolewa nusura afe maji. Akarudi mwaka 1871 na kushinda mara ya tatu. Malkia Victoria akaomba aletewe amwone. Fikiria: wakati huo maskini wa Ireland aliyekamatwa na mbwa kwenye shamba la bwana alienda jela, na mbwa wa bwana anaenda Windsor.

Sisemi hivyo kumlaumu mbwa. Mbwa hajui nani mwenye shamba. Ndiyo maana Radi hakuuona waya.

Kuna njia nyingine ya kuandika sheria ya uwindaji wa mbwa, nayo haiko mbali nasi. Uarabuni, ambako saluki amefukuza swala na sungura tangu kale, Uislamu ulipokuja uliuliza maswali tofauti kabisa. Sura ya Al-Maidah, aya ya 4, inahalalisha kile ambacho mnyama aliyefunzwa kuwinda amemkamatia mwenyewe, na inataka jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Hadithi za Mtume zinafafanua: mbwa akimla windo, liache, kwa kuwa alijikamatia mwenyewe, ukimkuta mbwa mwingine kaungana na wako, liache pia, kwa kuwa hukutaja jina kwa ajili ya yule mwingine. Ukienda Lamu au Mombasa, walimu wa Kishafii watakueleza vilevile kwamba mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mipaka ipo, tena mikali. Lakini katika maswali hayo yote, je, mbwa amefunzwa, je, umetaja jina, je, ameshika kwa ajili yako, hakuna linalouliza kama una ardhi ya kuingiza pauni 100.

Sheria iliyotufikia bara haikuwa hiyo. Ilikuwa ile ya pauni 100.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wageni waliokuja Kenya kuwinda walinunua vibali. Kibali cha mwindaji mgeni kiligharimu pauni 50. Walowezi wa Nairobi waliagiza mbwa wa msako kutoka Uingereza na kufukuza mbweha wakiwa juu ya farasi, kana kwamba tambarare za Athi ni mashamba ya kwao. Mwaka 1908 makaburu walipanda na magari yao ya ng'ombe hadi Uasin Gishu, na haukupita muda uwanda ukakatwa vipande vyenye namba. Mji wa Eldoret wenyewe ulijulikana kwanza kama Sisibo, kutokana na shamba namba 64. Mwafrika aliyebaki hapo alibaki kama kibarua wa mtu, na mbwa wake alibaki kwa hisani ya mtu huyo. Sungura aliyekuwa wa atakayemshika akawa sungura wa shamba.

Mahali ambapo hadithi hii ilifika kwenye damu ni Namibia. Nchi hiyo, wakati huo Afrika ya Kusini-Magharibi, ilikuwa imetoka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1915 na kutawaliwa na Afrika Kusini. Kule kusini, karibu na Warmbad, waliishi watu wa Bondelswarts, jamii ya Wanama. Walikuwa wamenyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi. Mbwa walikuwa riziki kwao: waliwinda nao, na waliwatumia kulinda mbuzi dhidi ya mbweha. Mtu mwenye mbwa wazuri hakulazimika kwenda kumchungia mlowezi kwa ujira mdogo, na mlowezi alilijua hilo.

Mwaka 1917 iliwekwa kodi ya mbwa. Mwaka 1921 ikapandishwa: pauni 1 kwa mbwa mmoja, ikipanda hadi pauni 10 kwa mbwa watano. Kwa watu ambao pengine hawakuona pauni nzima kwa mwezi, hiyo haikuwa kodi. Ilikuwa amri ya kwenda kibaruani. Walioshindwa kulipa walishtakiwa. Manung'uniko mengine yalikuwepo, ya ardhi, ya mishahara, ya alama za kuchoma mifugo, lakini kodi ya mbwa ndiyo iliyokuwa midomoni mwa kila mtu. Mei 1922, baada ya kiongozi wao Abraham Morris kurudi kutoka Afrika Kusini na polisi kutaka kumkamata, watu walikataa kumtoa. Serikali ikapeleka wanajeshi na ndege mbili za kivita. Mabomu yaliangushwa juu ya kambi iliyokuwa na wanawake na watoto na mifugo. Wanaume wapatao 100 waliuawa katika vita hivyo, pamoja na wanawake na watoto kadhaa. Morris mwenyewe aliuawa mwezi Juni. Septemba mwaka huo huo Dantès Bellegarde, mjumbe wa Haiti, alisimama katika Umoja wa Mataifa wa wakati ule, kule Geneva, akayalaani mauaji hayo mbele ya mataifa.

Ndege, dhidi ya watu waliotaka kubaki na mbwa wao. Huwa nasoma kisa hicho na kurudi kwa wale mabwana wa 1390. Miaka zaidi ya mia tano imepita, bara ni jingine, na hofu ni ile ile: mtu mwenye mbwa anayekimbia anaweza kula bila kukuomba.

Turudi nyumbani. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori. Ilikuwa na sababu: ndovu na vifaru walikuwa wanamalizwa kwa ajili ya pembe. Baadaye uwindaji wa aina fulani za ndege kwa bunduki uliruhusiwa tena, kwa wenye kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaja na vifungu vizito, na ikataja waziwazi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa. Ilipopitishwa, adhabu ya kosa hilo ilikuwa faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi 6. Kwa sheria hiyo sungura mwitu ni mnyamapori kama ndovu alivyo.

Uingereza nayo iligeuka. Kombe la Waterloo lilikimbiwa mara ya mwisho Februari 2005, na siku chache baadaye, tarehe 18, sheria ya kukataza uwindaji wa wanyama kwa mbwa ikaanza kazi. Mabwana walioandika sheria za kuwazuia wengine kwa miaka mia sita walijikuta nje ya ua wao wenyewe. Ila mbio hazikuisha. Siku hizi magenge huingia usiku na alfajiri kwenye mashamba ya mashariki mwa nchi hiyo, huvunja mageti, huachilia mbwa, na dau kubwa huwekwa. Mwaka 2022 adhabu ziliongezwa. Safari hii anayelia ni mkulima, si mwindaji, na sina moyo wa kumcheka.

Kwa sababu lazima niseme ukweli wote. Mjomba hakuwa mtakatifu. Mbwa hachagui: humshika jike mwenye mimba sawasawa na dume, humshika paa aliyekuwa akipita zake. Nimemwona sungura akishikwa na nimemsikia analia, na mlio ule unafanana na wa mtoto mchanga kiasi kwamba dada yangu hakurudi tena kwenye msako. Uwanda wetu wa leo hauna sungura wa kutosha kupanga mstari hata wa watoto wawili, na si walowezi peke yao waliowamaliza. Dawa za magugu, trekta, nyumba, mitego ya waya, na sisi. Nikiulizwa leo kama marufuku iondolewe, nitasema hapana.

Lakini kusema sungura alindwe ni jambo moja, na kusema analindwa dhidi ya nani ni jambo lingine. Historia hii yote, kutoka kucha tatu za mbwa wa kijiji hadi pauni 10 za Wabondelswarts, inaonyesha sheria ambayo kila mara ilijua jina la maskini kabla ya kujua jina la mnyama. Sheria ikiwa kweli ni ya sungura, basi imwone pia yule anayenyunyiza sumu ekari elfu moja, na yule anayejenga ua mpaka mtoni. Ikimwona mwenye mbwa tu, basi bado ni ile ya 1390, imevaa sare mpya.

Mjomba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alifuga mbwa wengine, wa kubweka tu. Mara moja, akiwa ameshazeeka, nilimuuliza kwa nini aliruka ule ua ilhali aliwaona walinzi. Nilidhani ataniambia habari za hasira, au za haki, au kwamba ardhi ile ilikuwa ya baba zake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Mbwa wangu alikuwa upande ule," akasema.